Familia moja, mafaili matano: kisa cha kurudi Unguja kutoka Uingereza

Kabla sijaanza niseme kwamba wenyewe wameniruhusu niandike. Majina nimeyaondoa, mji waliokuwa wakiishi nimeuondoa, waajiri pia sikuwataja, na tarehe nimeacha miezi tu. Naandika kwa sababu kila nikikaa na watu wa nje wanaotaka kurudi swali ni lile lile, "nina mke na watoto, tupitie kibali gani?" na mimi naona swali lenyewe ndo linawapoteza watu, manake wanatafuta kibali kimoja cha familia wakati serikali haiangalii familia, inaangalia mtu mmoja mmoja na paspoti yake.

FAMILIA YENYEWE

Baba, nimwite Bwana H, kazaliwa mtaa wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, kasoma hapa hapa, akaondoka kijana. Kule Uingereza akawa fundi wa viyoyozi na vyumba baridi, vile vya supamaketi. Mwaka 2010 akachukua uraia wa Uingereza. Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 haina kona hapo, mtu mzima ukichukua uraia wa nchi nyengine kwa hiari yako basi wa Tanzania umekatika, hata kama paspoti ya zamani bado unayo kwenye droo na haijaisha muda.

Mama, Bi S, ni mtu wa Mombasa, Kisauni. Yeye alichukua uraia wa Uingereza 2014, lakini Kenya kwa katiba yao ya 2010 inaruhusu uraia pacha, kwa hiyo ana paspoti mbili na zote halali.

Watoto watatu, binti wa 2008 na wavulana wawili, wa 2013 na wa 2018. Wote wamezaliwa Uingereza.

Hii miaka naomba uishike kichwani, tutairudia.

Kilichowasukuma ni mama yake Bwana H, bibi wa miaka 74 anaekaa Mwanakwerekwe. Disemba 2022 aliteleza chooni akavunjika nyonga. Bwana H akapanda ndege peke yake, akafika uwanja wa Karume saa nane mchana, akapanga foleni ya wageni. Afisa aliposikia Kiswahili chake akatabasamu akamwambia "karibu nyumbani kaka", alafu akamgongea muhuri wa siku 90. Bwana H aliniambia dola 50 za viza hazikumuuma hata kidogo, kilichomuuma ni kuona tarehe ya kuondoka imeandikwa juu ya mahali alipozaliwa. Alivyorudi Uingereza akamwambia mkewe tunahama.

NJIA WALIZOKUWA NAZO

Akiba yao, baada ya kuuza nyumba na kulipa deni la benki, ilikuwa kama dola laki moja na thelathini hivi. Kwa hapa ni pesa, lakini si pesa ya watu watano kukaa bila kazi miaka.

Ya kwanza waliyoletewa ilikuwa apatimenti. Zanzibar mgeni hamiliki ardhi, ardhi ni ya serikali, ila anaweza kukodi kwa muda mrefu, na kwenye miradi maalum ya nyumba, kama kule Fumba, mikataba inafika miaka 99. Ukinunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 kwenye miradi hiyo unaweza kuombewa kibali cha ukaazi wewe, mwenza wako na watoto mpaka wanne walio chini ya miaka 20. Muuzaji mmoja aliwapigia simu mara tatu kwa wiki, na kila mara akisema "familia nzima inaingia kwa mkupuo". Ni kweli inaingia. Ambacho hakukisema ni kwamba kibali cha namna ile ni cha kuishi tu, hakikupi ruhusa ya kuajiriwa. Fanya hesabu, laki moja imekwenda, imebaki elfu thelathini, baba fundi haruhusiwi kushika spana.

Ya pili ajira. Hapa watu wengi wa nje wanachanganyikiwa kwa sababu yanahitajika makaratasi mawili kutoka sehemu mbili. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha ukaazi, daraja B kwa mtu aliyeajiriwa, kinatoka Uhamiaji. Kazi si jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha kazi kwa anaefanya kazi Unguja au Pemba kinatoka upande wa kazi wa serikali ya Zanzibar. Muajiri ndo anaeomba, na lazima aeleze kwa nini hakumpata mtu wa hapa. Mke na watoto wanaingia kama wategemezi, na mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi kwa karatasi hiyo.

Ya tatu kufungua biashara na kusajili uwekezaji kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, kibali daraja A. Bwana H aliitamani sana hii lakini hajawahi kuendesha kampuni, na nilimwambia wazi sitamshauri ajifunze biashara huku kibali cha wanawe kinategemea biashara hiyo hiyo.

Ya nne ni kuukana uraia wa Uingereza aombe tena wa Tanzania. Aliifikiria usiku mmoja akaiacha. Watoto wamebaki Waingereza, mama yao ana wa kwake, angekuwa yeye ndo anaeomba viza kwenda kumuangalia bintiye.

Na ya tano ndo ile inayozungumzwa barazani. Kaka yake alimwambia, "We mtoto wa hapa, sheha wa mtaa anakujua, Mzanzibari ID yako ya zamani ipo, nani atakuuliza? Ingia kwa viza, ikikaribia kuisha chukua boti nenda Mombasa, rudi." Kaka mtu alisema kwa mapenzi, namuelewa. Lakini kutumia kitambulisho cha raia wakati wewe si raia ni kosa la jinai, na ukikamatwa siku moja inaharibu kila ombi utakalopeleka baadae, pamoja na la watoto. Bwana H ile ID na paspoti ya zamani alizipeleka mwenyewe kuzirudisha. Nilikuwa nae siku ile, alizifunga kwenye bahasha ya kaki na mkono ulikuwa unamtetemeka.

MAKARATASI YALIYOKWAMA

Mwanzo wa 2024 akapata hoteli upande wa mashariki iliyotaka fundi wa mitambo ya baridi, mkataba wa miaka 2. Tukadhani kazi imekwisha, kumbe ndo inaanza.

Mwanamke wa hoteli anaeshughulikia karatasi akaandika emeli fupi, tuleteeni cheti cha ndoa. Bi S akatuma picha ya cheti cha nikaha, kimeandikwa vizuri kwa wino wa kijani, kimepigwa muhuri wa msikiti, 2007. Yule akajibu, hiki ni cha msikiti, cha serikali ya Uingereza kiko wapi? Hakikuwepo. Walifunga nikaha msikitini kule, imamu akasoma hotuba, watu wakala pilau, na hakuna aliyekwenda kusajili. Kwa sheria ya England ndoa ya dini ambayo haikusajiliwa haitambuliki kuwa ndoa. Miaka 17 na watoto watatu, kwenye karatasi walikuwa watu wawili wanaokaa nyumba moja.

Nawajua watu wetu wengi kule wako hivi hivi na hawajui. Bi S alilia, akasema anajisikia kama ameambiwa hakuolewa. Nikamwambia dada yangu nikaha yako ni sahihi mbele ya Mungu, hii ni karatasi ya serikali tu, twende tukaichukue. Wakatoa taarifa ofisi ya usajili, pale sheria inataka zipite siku 28 kamili kabla ya kufunga, wakafunga Jumatano asubuhi mbele ya mashahidi wawili, dada yake Bi S na jirani.

Alafu vyeti vya watoto. England kuna cheti kifupi cha kuzaliwa ambacho kina jina la mtoto bila majina ya wazazi, na cheti kirefu chenye wazazi. Wavulana walikuwa na vifupi tu. Cheti kifupi hakithibitishi mtoto ni wa nani, kwa hiyo hakifai hapa, ikabidi waagize virefu. Na la mwisho jina la Bwana H mwenyewe, cheti chake cha Zanzibar kina majina matatu, lake na la baba na la babu, paspoti ya Uingereza ina mawili na hilo la baba limekosewa herufi moja. Hiyo wakili alimuandikia hati ya kiapo. Vyeti vyote vya kule vikaenda wizara yao ya mambo ya nje kuthibitishwa kisha ubalozi wa Tanzania London.

Jumla miezi mitatu na wiki moja. Hoteli ilisubiri, na si kila muajiri angesubiri.

BINTI

Mpango wa mwanzo ulikuwa waondoke wote watano Agosti 2024, binti akimaliza mitihani yake ya miaka 16, aje asome skuli ya kimataifa Unguja miaka miwili kisha arudi Uingereza chuo kikuu. Kila mtu aliona sawa na mimi nikiwemo. Aliyeona tatizo ni binti mwenyewe.

Alikuja na laptopu yake mezani wakati baba yake anakula, akasema, "Baba, nikiondoka miaka miwili nitarudi kama mgeni." Alikuwa amesoma masharti ya mikopo ya wanafunzi. Kule ili ulipe ada ya mwenyeji na upate mkopo wa serikali kwa kawaida lazima uwe umeishi Uingereza miaka mitatu mfululizo kabla ya kozi kuanza, paspoti peke yake haitoshi. Mtoto Muingereza aliyezaliwa pale pale akikaa miaka miwili Unguja anaweza kuhesabiwa mwanafunzi wa nje, ada juu mara mbili au zaidi na mkopo hakuna. Kuna kujitetea kwamba kuondoka kulikuwa kwa muda tu, lakini hawa walikuwa wameuza nyumba, wangejiteteaje.

Wakaamua abaki kwa khalati yake mpaka amalize. Uamuzi huu ulikuwa mzito kuliko wa pesa zote na mpaka leo Bi S hapendi kuuzungumza. Lakini ulikuwa sahihi, na ulimtoka mtoto wa miaka 16 wakati sisi watu wazima tulikuwa tunabishana kuhusu kontena.

Na katika kupekua karatasi za binti ndo likatokea jengine. Kazaliwa 2008. Baba yake kachukua uraia wa Uingereza 2010. Maana yake siku anazaliwa baba alikuwa Mtanzania wa kuzaliwa, na sheria ya 1995 inasema mtoto aliyezaliwa nje na mzazi wa namna hiyo ni raia wa kurithi. Wadogo zake wa 2013 na 2018 hawana hilo kwa sababu baba alishabadilika. Kwa hiyo katika nyumba nzima mwenye haki ya kujiita Mtanzania alikuwa yule mmoja anaebaki Uingereza, na haki hiyo ina mwisho, akishakuwa mtu mzima na uraia mwengine mkononi anatakiwa aukane huo mwengine la sivyo wa Tanzania unaondoka.

KUHAMA

Bwana H kibali chake kilitoka Julai 2024. Mke na wavulana wakafika mwisho wa Agosti, Bi S akaingia kwa paspoti ya Kenya bila viza, wavulana kwa viza za wageni, kisha zikaombwa pasi za utegemezi.

Kosa letu hapa lilikuwa kontena. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inamsamehe ushuru anaehamisha makazi, kwa vyombo vya ndani alivyokuwa akivitumia, ila lazima uonyeshe unahama kweli, na mizigo iwe ndani ya siku 90 tangu ufike, kuongezewa muda ni kwa kuomba. Wao kontena waliliondosha mapema kwa sababu meli ilikuwa na nafasi ya bei nzuri. Likafika bandari ya Malindi, hapa Unguja, kabla ya kibali. Bila kibali huna cha kumuonyesha mtu kwamba unahama, likakaa siku 19 gharama za kuhifadhi zinapanda, na nafuu ya meli ikaliwa yote na zaidi.

Bi S kule alikuwa akifanya kazi ya mahesabu kwa kampuni moja kwa intaneti na alitaka aendelee nayo. Watu walimwambia "nani ataona, unakaa ndani na laptopu yako". Akaandika barua akauliza kama inaruhusiwa, na huku akisubiri jibu kwa maandishi akaiacha kazi miezi miwili. Pesa waliipunguza kwa kujua. Suala la kodi nalo walilipeleka kwa mhasibu mapema, kwa sababu ukikaa siku 183 au zaidi kwa mwaka unahesabiwa mkaazi wa kodi na kipato cha nje nacho kinaweza kuulizwa.

MIEZI KUMI BAADA YA KIBALI

Mei 2025 hoteli ikauzwa. Mwenye hoteli mpya akaja na mafundi wake, Bwana H akapewa barua.

Kibali cha daraja B kimefungwa kwa muajiri aliyekiomba. Kazi ikiisha, kibali hakina tena pa kusimama, na pasi za mke na watoto zinasimama juu ya hicho hicho. Karatasi moja ilianguka, watu wanne wakawa hewani. Bwana H alikwenda Uhamiaji mwenyewe na barua ya kuachishwa, hakusubiri kuitwa, na nadhani hilo lilimsaidia kwa sababu faili lake mpaka leo ni safi. Akaambiwa atengeneze hali yake au aondoke. Alikuwa na mazungumzo na kampuni moja ya vyumba baridi vya samaki lakini kibali kipya ni ombi jipya toka mwanzo, cha zamani hakihamishwi kwenda kwa muajiri mwengine.

Wakaenda Kisauni kwa wakwe. Baba na wavulana waliombewa ruhusa ya kusafiri ya Kenya onlaini kwa paspoti za Uingereza, na ni mama yake Bi S, akiwakaribisha mlangoni, aliyeuliza, "Wajukuu wangu wanalipia kuja kwangu, kwani hawa si Wakenya?" Bibi alikuwa sahihi kuliko sisi sote. Katiba ya Kenya inasema mtoto ni raia wa kuzaliwa kama mama au baba ni raia siku anapozaliwa, hata kama amezaliwa nje. Bi S alikuwa Mkenya siku zote hizo. Watoto wote watatu wana haki hiyo, ilikuwepo toka siku ya kwanza, na hakuna aliyeifungulia faili. Wakaanza maombi pale pale.

WALIPO SASA

Wiki tisa walikaa Kisauni. Kibali cha muajiri wa pili kikatoka Agosti 2025, wakarudi, wavulana wakakosa skuli wiki chache za mwanzo wa muhula. Akiba haikuguswa isipokuwa kwa gharama za maisha. Bibi anatembea kwa mkongojo na mjukuu mdogo ndo anaemshika mkono kwenda kwa jirani.

Khalati alipomleta binti Disemba kutembea alilipia viza dola 50, na juu yake bima ya wageni ya Zanzibar dola 44, ambayo ipo toka Oktoba 2024. Wanaopanga ndugu waje kila mwaka waiweke kwenye hesabu.

UCHAMBUZI

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kutonunua apatimenti mwanzo. Sisemi njia ile mbaya. Mtu mwenye pensheni au kodi za nyumba zinazoingia kila mwezi, kwake ni tulivu kuliko zote kwa sababu haimtegemei bosi yeyote. Ila huyu alikuwa na mikono na akiba, na akiba ndo iliyowalisha Kisauni. Kama laki ingekuwa ukutani Fumba, Mei 2025 wangekuwa na pa kulala na hawana cha kupika. Kwenye pensheni pia wajue kwamba ya serikali ya Uingereza haipandi kila mwaka kwa mtu anaeishi Tanzania, inabaki pale pale ilipoanza kulipwa.

Cha pili kilichofaa ni kuuliza kwa maandishi na kujipeleka wenyewe. Kurudisha ID ya zamani, barua ya Bi S, kwenda Uhamiaji na barua ya kuachishwa, yote matatu yaliwagharimu wakati ule na yote matatu ndo sababu ombi la pili halikuwa na doa.

Kilichoharibika, na hapa najihesabu na mimi, ni kwamba tulifungua faili moja la Bwana H tukawapachika wengine wanne nyuma yake. Tungekaa siku moja na karatasi tano, kila mtu na yake, tukaandika kazaliwa wapi, mwaka gani, wazazi wake siku ile walikuwa raia wa wapi, ana paspoti gani, atatimiza 18 lini, tungeyaona yote kabla ya kuuza nyumba. Uraia wa Kenya wa watoto ungeanza 2023. Suala la ada ya binti lisingetegemea bahati ya yeye kusoma. Nikaha ingesajiliwa bila mtu kulia. Mambo haya hayakuwa yamefichwa, yalikuwa kwenye vyeti vyao kabatini.

Mkataba wa kazi nao tuliusoma mshahara tu. Hatukuuliza hoteli ikibadilisha mwenyewe itakuwaje, wala notisi ni ya muda gani. Notisi ya mwezi mmoja inamtosha kijana asiye na mtoto, lakini kwa mtu ambaye watoto wake wanakaa nchini kwa mgongo wa kazi yake ni fupi mno. Mkataba wa sasa una miezi mitatu, na aliipata kwa kuomba tu.

Kuhusu hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, ambayo Bunge liliipitishia marekebisho ya sheria 2025, Bwana H anaifuatilia na cheti chake cha kuzaliwa na vya wazazi wake viko tayari. Nimemtahadharisha jambo moja, ardhi ya Zanzibar si jambo la Muungano, ina sheria yake ya 1992, kwa hiyo kinachobadilishwa Dodoma kuhusu ardhi asikichukulie kwamba kimefika na Unguja.

Kwa sasa mafaili ni matano, yako kwenye kabati la bibi Mwanakwerekwe, kila moja na rangi yake. La binti ni la njano na ndo pekee halijafungwa. Anatimiza miaka 18 mwaka 2026, na mara ya mwisho nilipozungumza nae alikuwa ameomba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha baba yake, akasema anataka akisome mwenyewe kwanza.